Mgeni Asiyecheua

Kwanza nilidhani ni mbuzi. Alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba za kupanga, kwenye mguu wa tangi la maji, amenipa mgongo. Kutoka mlango wa jikoni kwa dada yangu niliona mkia mrefu uliojaa matope na mifupa ya makalio imetokeza. Nikauliza, mbuzi gani huyu ana mkia wa kufagia? Dada yangu hakucheka. Alisema, "Ndiyo maana nilikupigia simu. Si wewe ndiwe mtu wa wanyama?"

Mimi si mtu wa wanyama. Mimi ni mtu wa ng'ombe wa maziwa, na hilo ni jambo tofauti kabisa, ingawa siku hiyo nilikuwa sijui. Naishi huko juu Molo kwenye baridi, mimi na mzee wangu, ng'ombe watatu, viazi, na kabichi kidogo. Dada yangu mdogo anakaa Section 58, hapa Nakuru mjini, na nikiteremka kwa shughuli zangu hupitia kwake tukanywa chai. Chai ya siku hiyo ilipoa mezani.

Nikazunguka nikaenda upande wa kichwa. Mnyama akaniangalia. Alikuwa farasi. Hakuwa mtoto wa punda wala nyumbu. Alikuwa farasi kamili, masikio, singa, pua pana, kila kitu mahali pake, ila mgongo wake haukunifika kiunoni, na mimi si mrefu. Mbavu zilikuwa nje. Kwato zilikuwa zimeachwa zikarefuka mpaka zikajikunja mbele na kutazama juu, kwa hiyo alisimama kwa visigino. Chini yake hapakuwa na jani hata moja, na kamba ya kuanikia nguo iliyopita karibu naye alikuwa ameitafuna ikakatika.

Kijana anayelinda ile ploti akanieleza. Kulikuwa na mpangaji aliyempeleka kwenye sherehe za watoto, wanapanda kidogo, wanapigwa picha, wanashuka. "Kazi ikaisha, mathe. Jamaa akahama. Akasema atairudia."

"Atamrudia lini?"

"Hata simu hashiki."

"Na nani anamlisha?"

"Kila mtu kidogo."

Nilijua hiyo "kila mtu kidogo" maana yake ni nini. Sasa, hasira yangu mimi iko karibu, hilo hata kanisani wanajua. Nilimfokea yule kijana, nikamfokea dada yangu, nikatafuta mwingine wa kumfokea nikakosa, basi nikafungua kamba. Hakuna aliyenizuia. Nadhani walikuwa wakingoja mtu kama mimi atokee.

Malori yanayoleta viazi kutoka kwetu hurudi matupu, kwa hiyo usafiri haukuwa tatizo. Dereva ninayemfahamu alimzunguka mara mbili, akaniuliza kama ni punda au mbwa, kisha wapakiaji wawili wakamnyanyua kama gunia na kumweka juu ya magunia matupu. Nikapanda naye huko nyuma, mwanamke wa umri wangu, nimeshika kamba. Nilitaka kuona kama ataogopa. Hakuogopa. Alisimama akatanua miguu, akaelekeza pua kwenye upepo, na kila tulipopanda mlima na baridi kuongezeka, masikio yake yaligeuka mbele, nyuma, mbele tena, hata nikaanza kusikiliza mimi pia anachosikiliza. Sikusikia kitu ila injini.

Mzee wangu ni mtu wa maneno machache, lakini hayo machache hayakosi mwiba. Alitoka nje, akamtazama kwa muda mrefu, akasema, "Mbona hawakummaliza?"

"Kummaliza vipi?"

"Kumtengeneza. Wamefika katikati wakaacha."

Akaenda zake kukamua, akasema yeye hatatia mkono kwenye mambo hayo. Nikabaki na mgeni wangu, na ndivyo tulivyomwita tangu siku hiyo, mgeni, kwa sababu hakuna aliyejua jina lake.

Lazima nieleze kuhusu ghala letu la viazi. Shamba letu ni kipande cha shamba kubwa la zamani la mzungu, lililokatwakatwa likagawiwa watu, na kwenye kugawa sisi tuliangukiwa na jengo la mawe lenye vyumba vinne. Kila chumba kina mlango uliokatwa katikati, nusu ya juu inafunguka peke yake na nusu ya chini peke yake. Ukutani mna pete za chuma. Miaka yote tumeweka viazi mle, na kwenye pete tumetundika makoti. Mama mkwe wangu, alipokuwa hai, alikuwa akisema mzungu alikata milango ili viazi vipumue. Nikamwingiza mgeni katika chumba cha kwanza, naye akafanya kitu kilichonishangaza. Hakuangaza huku na huku. Aligeuka palepale, akaja moja kwa moja mlangoni, akasimama uso kwa ile nusu ya chini kama mtu anayengoja dirisha lifunguliwe. Kumbe tumekaa na zizi la farasi muda wote huu. Shida ni kwamba lilijengwa kwa farasi wakubwa, yeye hata masikio hayakufika ukingoni. Kesho yake nilimkuta mzee wangu, yule asiyetia mkono, akikata ubao mmoja wa mlango kwa msumeno ili mgeni apate pa kutolea kichwa.

Habari ikaenea. Wa kwanza kuja alikuwa jirani wetu wa ua mmoja, mama mzee anayeishi peke yake, ambaye sisi sote tunamwita shosho. Alikuja na beseni la karoti. Alimpa moja moja, na kila karoti akamwambia, "Kula, ukue."

"Unadhani atakua, shosho?"

"Si ni mtoto? Atakua."

Wote waliokuja walisema hivyohivyo. Tulikuwa na mtoto wa farasi, amekosa maziwa, atakua. Mtu mmoja hata aliniuliza akishakua kama nitamkodisha kulimia.

Sasa, ng'ombe ukimlisha, analala, anacheua. Hilo ndilo jambo la kwanza mtu wa maziwa hutazama asubuhi kabla hata ya kunywa chai. Ng'ombe anayecheua hana neno. Asiyecheua, unaita daktari. Nikamlisha mgeni, nikageuza debe, nikakaa, nikangoja. Akala akamaliza. Akaniangalia. Nikaangalia taya. Kimya. Nikaenda kulisha kuku nikarudi, kimya. Hata kulala hakulala, alifunga macho akasinzia amesimama wima. Nikajua ana gesi tumboni. Nikachukua mafuta ya kupikia, nikamnywesha kwa chupa jinsi tunavyofanya kwa ng'ombe, naye akayashika mdomoni kwa adabu kubwa kisha akanipulizia yote kifuani.

"Labda anacheua kwa siri," mzee akasema.

Nilikuwa sielewi, na kutoelewa kunanikera kuliko kitu chochote. Nilianza kumchunguza. Mdomo wake wa juu ulikuwa na akili zake. Ulitembea peke yake juu ya nyasi, ukachagua jani hili, ukasukuma lile, kama vidole vya mama anayechambua mchele. Ng'ombe hachagui, ng'ombe anazoa kwa ulimi. Na siku ya kwanza aliyolia, ile sauti ikatoka katika kile kimwili kidogo na kufika barabarani, ng'ombe wangu watatu waliacha kula wakageuka kumtazama kwa pamoja. Mmoja alinipunguzia maziwa siku hiyo.

Basi nikamlisha. Kwetu mgeni akija amekonda anaondoka amenenepa, la sivyo jina lako litazungushwa kwenye kituo cha maziwa. Nilimpa dairy meal, unga wa ng'ombe wa maziwa, ile nzuri, nikainyunyizia molasi. Nilimkatia nyasi za karibu na mto, zile laini zinazoota baada ya mvua, ambazo hata ng'ombe wangu siwapi kila siku. Wanawake wa chama chetu walileta maganda ya njegere, majani ya kabichi, mandazi. Shosho na beseni lake hakukosa. Mgeni akajaa. Mbavu zikajificha, manyoya yakaanza kung'aa, tumbo likawa pipa. Nilimpiga picha nikamtumia dada yangu, nikaandika, angalia mbuzi wako. Nilijisikia vizuri sana.

Halafu asubuhi moja nikafungua mlango, hakuja. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, uzito wote ameurudisha nyuma, miguu ya mbele ameitanguliza mbali, anatetemeka. Nilipomvuta alipiga hatua moja fupi, akaguna. Nikashika kwato. Zilikuwa moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

Daktari wetu wa mifugo alisema wazi kwenye simu kwamba farasi si kazi yake, akanielekeza kwa mwenzake wa Nakuru aliyewahi kutibu farasi. Akaja, mwanamke wa umri wa binti yangu, amevaa gambuti. Alishika mguu juu kidogo ya ukwato, akatulia, akashika wa pili. Kisha akauliza anakula nini. Nikamtajia kwa fahari, kimoja baada ya kingine, vyote ili mtoto akue. Nilipofika kwenye molasi aliinua mkono nikanyamaza.

"Na hacheui," nikaongeza, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa likinisumbua.

Akanitazama. "Mama, farasi hacheui."

"Kamwe?"

"Kamwe. Ana tumbo moja."

"Basi nyasi zinaisha vipi?"

Nadhani hakutegemea swali hilo, lakini alikaa juu ya debe langu akanieleza, na mimi nikachuchumaa nikamsikiliza kama mwanafunzi. Alisema kwa farasi kazi ile ya kuvundisha nyasi inafanyika nyuma, kwenye utumbo mkubwa, chakula kikishapita. Ukimpa vitu vitamu vingi, vinafika kule nyuma na kuchafuka, sumu inaingia kwenye damu, damu inaipeleka chini mpaka kwatoni. Hawa wa mbegu ndogo ndio huumia haraka zaidi, maana waliumbwa kuishi kwa nyasi mbovu. Ndani ya ukwato kuna mfupa, na mfupa huo umening'inia kwenye nyama. Nyama ya mgeni ilikuwa imevimba, inaanza kuachia.

"Ikiachia?"

"Mfupa unazama. Ukizama hatasimama tena, na mimi sitamwacha hivyo. Nitamchoma sindano ya kumaliza mateso." Hakuzungusha maneno, na nilimheshimu kwa hilo. "Na mtoto gani mnayesema? Angalia meno. Huyu amepita miaka kumi na tano. Alimaliza kukua zamani."

Nikamwangalia mgeni. Mtu mzima mwenzangu, na tumekuwa tukimwambia kula ukue.

Alimchoma dawa ya maumivu, akamkata ncha za kwato kidogo, akasema nyingine atazikata polepole. Kisha akanipa sheria. Asile dairy meal tena, wala molasi, wala karoti, wala kitu chochote kibichi. Nitafute nyasi kavu za zamani, zilizokomaa, niziloweke ndani ya pipa la maji mpaka utamu utoke, nimwage maji, nimpe makapi hayo. Kidogo kidogo, mara nyingi, na nisimnyime kabisa kwa sababu kwa hawa wadogo njaa ya ghafla inaua pia.

"Kwa hiyo nimpe chakula kibaya."

"Chakula kibaya, kidogo, kila wakati. Na sakafu iwe laini sana."

Hapo ndipo tulipoona kazi ya mzee wangu. Bila kuambiwa alikwenda Elburgon kwenye viwanda vya mbao, akarudi na magunia ya vumbi la mbao, akalimwaga chumbani mpaka likafika juu ya vifundo vya miguu. Chumba kikanukia msonobari. Mgeni akazama ndani yake, akavuta pumzi ndefu, akalala ubavu. Mzee akasema, "Hata mimi sijawahi kutandikiwa hivi," akaondoka.

Nikajifunza vitu vipya katika umri huu. Nilijifunza kutafuta mapigo ya damu pale nyuma ya mguu, juu ya ukwato, kwa vidole viwili. Ng'ombe nimewakamua maisha yangu yote na sijui mapigo ya mguu wa hata mmoja. Yakigonga kwa nguvu ni mabaya, yakiwa ya kutafuta ni mazuri. Nilijifunza kupima joto kwa mgongo wa kiganja. Nilijifunza kwamba nyasi ukiziloweka, maji hutoka na rangi ya chai ya rangi, na nikayaonja nione kama kweli ni matamu. Ni matamu kidogo. Mzee aliniona nikionja, akatikisa kichwa.

Kazi ngumu ilikuwa watu. Kwetu mnyama ndiye anayemsema mwenyewe. Ukiwa na ng'ombe mkondefu, hakuna mtu atakayekuuliza habari ya mvua, wataona uchoyo wako unatembea. Na mimi sasa nilikuwa na mgeni anayepungua kila mtu akiona, nimemfungia, namlisha nyasi zilizofuliwa. Kwenye kituo cha maziwa mama mmoja akasema kwa sauti ya kutosha, "Ati wengine siku hizi wanaoshea wanyama chakula kabla ya kuwapa. Labda ni ya kizungu." Mwingine akauliza kama dairy meal imepanda bei. Nikawajibu, na sitarudia hapa nilivyowajibu. Walileta majani ya kabichi hivyohivyo. Niliyachukua mlangoni, nikasema asante, nikawapa ng'ombe.

Mgeni akaanza kutulia. Kwato zikapoa. Akaja mlangoni peke yake, akatoa kichwa pale kwenye ubao uliokatwa, na nikarudi kwenye debe langu kumtazama akitazama barabara. Nilikuwa najiuliza anaona nini. Gari likipita hakugeuka. Mtoto akipita, hata mmoja, hata mbali, masikio yalisimama. Sikujua kama ni kupenda au ni kuogopa kupandwa. Mpaka leo sijui.

Halafu joto likarudi. Siku moja kwato ni moto kidogo, siku ya pili zaidi, siku ya tatu amelala na hataki kuinuka. Nilipitia kila kitu, maji, nyasi, pipa. Sikuona kosa. Daktari alikuja, akashika mguu, akakunja uso. "Anakula kitu kingine."

"Hakuna."

"Mama, anakula kitu kingine. Nitarudi Jumamosi. Nikimkuta hivi, tutafanya nilichokuambia."

Siku iliyofuata niliondoka na maziwa kama kawaida, lakini nikarudi njiani kwa sababu nilisahau mfuniko wa mkebe. Nikaona mgongo mdogo wa bluu umeinama mlangoni kwa mgeni. Shosho alikuwa amepitisha mkono mzima kwenye lile tundu, amelala nusu juu ya ubao ili afike chini alipolala mgonjwa. Kiganjani kulikuwa na vipande vya karoti na ugali uliotiwa sukari.

"Shosho, unamuua huyu mnyama."

Aliruka. "Mimi? Mimi ndio nampea chakula."

"Daktari amesema asile hivyo. Nilikueleza."

"Hiyo daktari imewahi lala njaa?" Sauti yake ilikuwa ndogo, hakuwa akigombana. "Ule mwaka wa fujo ya kura, tumefukuzwa tukiwa kwa mahema, kulikuwa na waya pale nyuma. Kuna mtu alikuwa ananipitishia chakula kwa hiyo waya. Sikumjua mpaka leo. Hii kitu inalia usiku, mimi naisikia. Nitalala aje?"

Hasira ilikuwa imeshanipanda na haikujua kuteremka. Nikamwambia akitaka mtu wa kulisha atafute wa kwake. Nikaona neno limemwingia. Akaurudisha mkono wake ndani ya leso pamoja na ugali wake, akapita pembeni yangu bila kunigusa, akaenda kwake.

Nilikaa na mgeni siku hizo zote mpaka Jumamosi. Nilimgeuza asichubuke, nikamwekea vitambaa vya maji baridi, nikampa nyasi zake mbovu kwa mkono, unyasi kwa unyasi. Niliogopa. Niliogopa sindano, na niliogopa kwamba mimi ndiye niliyemtoa mahali alipokuwa akifa polepole na kumleta mahali pa kufa kwa shibe. Jumamosi asubuhi nilisikia gari langoni, na mgeni alilisikia pia. Akatanguliza mguu mmoja, akaugua, akatanguliza wa pili. Alipofika daktari mlangoni alimkuta wima, vumbi la mbao limemganda ubavu mzima, anatetemeka lakini yuko wima. Daktari alishika mguu kwa muda mrefu. Akaweka mkoba wake chini bila kuufungua.

"Haujazama," akasema. "Sasa tungoje ukwato mpya."

Ukwato huota kama ukucha, kutoka juu kwenda chini, polepole mno. Daktari alinionyesha mstari mwembamba ulioanza pale ngozi inapokutana na ukwato. Juu ya mstari ni ukwato mpya, mzima, chini yake ni ule wa ugonjwa. Nilikuwa na kazi ya kuutazama mstari ukishuka. Viazi vilipandwa, vikapaliliwa, vikachimbwa, na mstari ulikuwa umefika katikati. Sijawahi kutazama kitu kwa makini hivyo, hata watoto wangu.

Shosho hakuja. Nilimwona ng'ambo ya ua, akichuma njegere, akianika nguo, akigeuza uso. Jumapili alikaa upande mwingine wa kanisa. Mzee aliniambia, "Nenda," nikamwambia nina kazi. Siku nyingine alisema, "Anapika kwa sufuria ya watu watano na anakula peke yake," nikamuuliza tangu lini yeye anachungulia sufuria za watu. Mgeni naye alipotoa kichwa tunduni alikielekeza upande wa shosho, akangoja. Nilijiambia anangoja sukari.

Mstari ulipokaribia kufika chini, daktari alimkata mara ya mwisho. Kwato zikawa fupi, za mviringo. "Mtoe kidogo barabarani," akasema. "Kwenye vumbi la mbao kila farasi anatembea. Nataka kujua kwenye ardhi ngumu. Akichechemea, unipigie."

Nilimtoa saa nne hivi, baada ya kula kiporo cha viazi. Nilimfunga kamba, nikafungua mlango wote, si nusu. Alisimama kizingitini akanusa. Akaweka mguu mmoja kwenye changarawe ya murram. Akaweka wa pili. Hakuguna. Tukatembea mpaka langoni, mimi nimeinama kutazama miguu kuliko njia. Halafu akainua kichwa, akalia ile sauti yake kubwa, akanivuta mara moja tu, na kamba ikanichubua kiganja ikaenda.

Alikimbia. Yule mnyama aliyesimama kwa visigino alikimbia barabara ya murram, kwato zikigonga ardhi vizuri, waziwazi, zote nne kwa mpangilio, mkia umeinuka. Nilimfuata nikipiga kelele, gambuti zikinipiga miguu. Nilijua anakokwenda. Kwa shosho lango ni la mabati na huwa wazi, na uani kwake kuna nyasi mbichi zimefika magotini kwa sababu hana ng'ombe wa kuzila.

Nilipofika, shosho alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pake na beseni la njegere mapajani, na mgeni alikuwa ameshaingiza pua kifuani mwake, anatafuta kwenye leso. Shosho alikuwa ameinua beseni juu ya kichwa kwa mkono mmoja. Mkono wa pili aliufungua mbele ya pua ya mgeni, vidole vyote vimenyooka.

"Angalia, hakuna," alikuwa akimwambia. "Hakuna kitu. Mimi nimekatazwa. Rudi kwenu." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuweza kuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Mgeni akalamba kile kiganja kitupu, akakilamba tena upande wa pili. Nikashika kamba.

"Imekimbia," shosho akasema, bila kunitazama. "Nimesikia miguu nikajua si punda ya mtu."

"Amekimbia," nikasema.

Akashusha beseni, akajifuta kwa leso. Akaangalia kamba, akaangalia mkono wangu uliochubuka, akaangalia uso wangu. "Na wewe," akasema, "umekula?"

Nikasema sijala. Nikamfunga mgeni kwenye nguzo mbali na nyasi, nikavuta kigoda, na shosho akaleta ile sufuria ya watu watano. Ilikuwa githeri, mahindi na maharagwe. Akanipakulia sahani ikajaa mpaka ukingoni, akakaa mbele yangu kuniangalia, na mimi na tumbo langu la viazi nikala yote, nikamwomba aniongeze.